Arobaini ya Mama Asiyerudi na Mtoto



Hapa kwetu mwanamke akijifungua, hakuna anayehitaji kufundishwa la kufanya. Mama yake atapanda basi kutoka kijijini, au shangazi atakuja, au jirani atahamia kwa muda. Mzazi hashiki ndoo wala hasogelei jiko. Pwani atapikiwa uji wa pilipili manga, Kilimanjaro atapikiwa mtori, na siku 40 zitahesabiwa na ukoo mzima. Hii ni elimu kubwa ya afya, nayo hatukuipata hospitalini. Tuliirithi kwa bibi zetu.

Sasa mfikirieni mwanamke aliyelala wodi ya pili, katika hospitali ileile alikolala mzazi aliyejifungua kwa kupasuliwa. Naye amepasuliwa tumbo. Naye amepoteza damu, anatembea ameinama huku mkono umeshika kidonda. Ila yeye ametolewa kizazi, na atarudi nyumbani bila mtoto mgongoni wala habari ya kutangaza. Mara nyingi hata majirani hawajui alikwenda kufanyiwa nini, maana ameona haya kusema. Wiki ya pili utamkuta kisimani.

Daktari anapomruhusu humwambia apumzike wiki sita. Wiki sita ni siku 42. Nimekuja kuomba jambo moja: mwanamke huyu apewe arobaini yake, kamili, kama tunavyompa mzazi. Mimi ni muuguzi, nimewahudumia wanawake hawa wodini na nimewaona wakirudi na vidonda vilivyofumuka kwa sababu hakuna aliyewachotea maji. Kwa hiyo nitasema wazi mambo ambayo kwa kawaida husemwa kwa kunong'ona, na watoto wasikilize pia, kwa sababu ni mama zao.

Kwanza, kwa nini kizazi kinatolewa? Sababu kubwa ni uvimbe ule ambao wengi wenu mnauita fibroidi. Si saratani, lakini unaweza kumfanya mwanamke atokwe na damu mpaka akaishiwa. Wanawake wenye asili ya Afrika huupata mapema zaidi na kwa wingi kuliko wengine. Kuna kizazi kushuka, hasa kwa mama aliyezaa mara nyingi. Kuna saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake wenye saratani Tanzania. Ikigunduliwa mapema upasuaji unaweza kuimaliza. Ikichelewa, tiba yake inakuwa mionzi na dawa, kama inavyofanyika katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Na kuna ile sababu ya dharura: mama amejifungua na damu haikatiki, au kizazi kimepasuka kwa uchungu wa muda mrefu, na daktari hana njia nyingine ya kumwokoa. Huyo wa mwisho nitarudi kwake, kwa sababu msiba wake ni wa namna yake.

Upasuaji wenyewe una njia tatu. Kuna kupasua tumbo, ambayo ndiyo njia ya hospitali zetu nyingi. Kuna kupitia ukeni, bila kovu lolote tumboni. Na kuna upasuaji wa matundu madogo, unaofanyika katika hospitali kubwa zenye vifaa na mabingwa. Aliyepitia njia hizi mbili za mwisho hutoka hospitalini baada ya siku moja au mbili, na nguvu humrudia mapema. Aliyepasuliwa tumbo hukaa siku mbili hadi tano, wakati mwingine zaidi. Lakini nisikilizeni: hata yule asiye na kovu nje ana mshono ndani. Ndugu wanaomtazama wakasema "mbona hana hata kidonda" wanamkosea.

Anapozinduka kutoka katika nusu kaputi, au ganzi ya mgongo inapoisha, atajikuta na dripu mkononi na mpira wa mkojo. Mpira huo ni wa kawaida, mara nyingi hutolewa kesho yake. Koo linaweza kukwaruza kama aliwekewa mpira wa kupumulia. Kama alifanyiwa upasuaji wa matundu, bega linaweza kumuuma, naye akashangaa kupasuliwa tumbo akaumwa bega. Ni ile hewa waliyoijaza tumboni ili waone vizuri. Hukera misuli ya chini ya mapafu, na maumivu husikika begani. Huisha kwa siku chache. Maumivu ya tumbo yana dawa, na tafadhali asikae nayo kwa kuona kwamba kuvumilia ndiyo adabu ya mwanamke. Anayeumwa sana hapumui vizuri, wala hakohoi, wala haamki kitandani, na huko kulala ndiko kunakoleta hatari.

Zamani madaktari waliamini mgonjwa wa tumbo alale wiki mbili au tatu bila kugusa chini. Mwaka 1899, daktari Emil Ries wa Chicago aliandika kwamba wagonjwa wake anaowaamsha mapema wanapona vizuri zaidi, na wenzake wakampuuza kwa miongo kadhaa. Leo hakuna anayebishana naye. Damu iliyotulia miguuni huganda, na bonge likisafiri hadi kwenye mapafu linaua mtu aliyekuwa akiongea na wewe dakika tano zilizopita. Kwa hiyo muuguzi akija asubuhi ya pili kusema "mama, tuamke", hana roho mbaya. Ageukie ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono, asimame. Siku ya kwanza hatua chache hadi mlangoni zinatosha.

Muuguzi huyohuyo atauliza pia, mbele ya wageni, kama umeshatoa hewa. Akina mama wengi huinamisha macho. Jibuni tu. Upasuaji hulaza utumbo, na hewa ikitoka tunajua utumbo umeamka. Baada ya hapo adui ni kufunga choo. Dawa kali za maumivu hufunga choo, vidonge vya kuongeza damu hufunga choo na kukifanya cheusi, na mtu mwenye mshono akijikamua chooni anauumiza. Dawa yake iko sokoni: papai, mlenda, matembele, maharage, maji ya kutosha. Kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, tafuteni kiti kilichotobolewa au ndoo imara yenye kikalio, kwa wiki za kwanza. Na kwa kuwa wengi wa wanawake hawa waliingia chumba cha upasuaji wakiwa tayari wamepungukiwa damu kwa miezi au miaka, chakula cha damu ni sehemu ya matibabu: maini, nyama, dagaa, maharage, mboga za majani. Ila chai ya rangi isinywewe pamoja na mlo. Chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Asubiri saa moja au mbili ndipo anywe, na badala yake chakula kisindikizwe na chungwa.

Sasa twende nyumbani, ambako ndiko penye kazi.

Hospitali zitamwambia asinyanyue kitu kinachozidi takriban kilo 5 kwa wiki sita. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mtoto wa mwaka mmoja ni karibu kilo 9 au 10. Debe la mahindi, mzigo wa kuni, sufuria ya ugali wa watu wanane, mchi unaopanda na kushuka juu ya kinu, jembe, beseni la nguo zilizolowa: vyote hivyo vimekatazwa, na vyote hivyo ndivyo maisha ya mwanamke wa kawaida yalivyo. Tunapomwambia "usibebe mzigo mzito" na tukaishia hapo, tumemwambia asiishi. Amri hii si yake peke yake. Ni amri ya nyumba nzima. Nani atachota maji? Jina litajwe kabla hajaenda hospitalini. Nani atambeba huyu mtoto mdogo usiku akilia? Mama akae kitini na mtoto apandishwe mapajani na mtu mwingine. Nani atasonga ugali? Baba mwenye mikono miwili anaweza kusonga ugali kwa siku 42, na wanaofanya hivyo wapo.

Kwa nini wiki sita, wakati kidonda kinaonekana kimefunga mapema zaidi? Hapa kuna habari ya kwetu Afrika Mashariki inayofaa kukumbukwa. Mwaka 1879, mmisionari aliyesomea utabibu, Robert Felkin, alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo, mganga wa Kinyoro akimpasua mama na kumtoa mtoto. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, akamnywesha mama pombe hiyohiyo, kisha akalifunga jeraha kwa pini za chuma na kulipaka dawa ya mizizi. Felkin aliandika kwamba siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona. Huo ni ustadi ambao tunapaswa kuujivunia zaidi kuliko tunavyofanya. Lakini siku ya 11 ni siku ya ngozi. Chini ya ngozi kuna utando mgumu unaoshikilia matumbo, nao hurudisha nguvu zake polepole mno, kwa miezi. Mwanamke akinyanyua ndoo wiki ya tatu, ngozi haitasema kitu. Utando unaweza kuachia, na mwakani akawa na ngiri. Kwa mkulima aliyepasuliwa tumbo, jembe lisubiri hata miezi mitatu.

Nimesema tumpe arobaini ya mzazi. Lipo jambo moja la arobaini hiyo ambalo naomba, kwa heshima zote kwa mama zetu, lisimfuate huyu: kukandwa kwa maji ya moto. Najua linafanywa kwa upendo. Taulo linachovywa katika maji yanayofuka na tumbo linakandamizwa ili damu mbaya itoke. Kwa tumbo lenye mshono ni hatari, linaunguza na linafumua. Vivyo hivyo asikalishwe juu ya beseni la mvuke wala asiwekewe ukeni majani, asali, ndimu au dawa yoyote. Juu ya uke, pale shingo ya kizazi ilipokuwa, pameshonwa pakafungwa. Mshono ule unahitaji kuachwa. Kanga ya kufunga tumbo si mbaya kama inamtuliza anapotembea au kukohoa, mradi isimbane pumzi. Aoge kila siku kwa maji na sabuni, kidonda kisisuguliwe, kikaushwe kwa kitambaa safi kwa kubonyezabonyeza. Majivu, dawa ya meno, unga wa vidonge vilivyosagwa, visikaribie.

Atatokwa na damu kidogo ukeni, au majimaji ya rangi ya kahawia, kwa siku au wiki kadhaa, wakati mwingine hadi wiki sita. Karibu na mwisho wa wiki ya pili nyuzi za ndani zinapoanza kuyeyuka, damu inaweza kuongezeka kidogo, na wengi hushtuka. Atumie pedi za nje tu. Na atachoka. Uchovu huu ndio unaowashangaza zaidi kuliko maumivu: asubuhi anajisikia mzima, saa nane mchana anaanguka kama mtu aliyelima ekari. Alale. Kwa wanawake Waislamu wanaoniuliza kuhusu kuinama na kusujudu, dini imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali akiwa amekaa, basi aitumie.

Kuna swali ambalo huulizwa kila mahali, nami nalipenda kwa sababu ni swali la mtu anayefikiri: ile damu ya kila mwezi sasa itapita wapi? Haitajaa tumboni? Haitapanda kichwani? Damu ya hedhi haitoki mahali pengine ikapitia kwenye kizazi. Inatengenezwa na ukuta wa kizazi chenyewe. Kizazi kikiondoka, hakuna kinachotengenezwa, kwa hiyo hakuna cha kupita wala cha kujaa. Na ile nafasi iliyobaki? Utumbo huijaza. Hakuna shimo.

Habari ya ovari ni tofauti, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Kutolewa kizazi si lazima kuwe kutolewa ovari. Mwanamke aliyeachiwa ovari zake bado ana homoni zake. Anaweza kusikia matiti yakiuma mwezi kwa mwezi ingawa haoni damu, na ukomo wa hedhi utamjia kwa wakati wake, au miaka michache kabla. Aliyetolewa ovari zote mbili kabla ya umri wa ukomo huingia humo kwa siku chache badala ya miaka: joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, jasho la usiku, usingizi kukatika, uke kuwa mkavu, hasira au machozi yasiyo na sababu, na baadaye mifupa kupungua uimara. Si wazimu na si pepo. Kama ana umri chini ya miaka 45, kwa kawaida hufaa apewe homoni mbadala mpaka karibu miaka 50, isipokuwa kama ugonjwa wake, mfano saratani fulani, unazikataza. Wengi hawapewi kwa sababu hawakuuliza, na hawakuuliza kwa sababu hawakuambiwa kilichotolewa.

Akina baba, sasa nasema nanyi. Tendo la ndoa lisubiri wiki sita, na kwa aliyetolewa pamoja na shingo ya kizazi madaktari wengi husema wiki 8 hadi 12. Mshono wa ndani ukifumuka utumbo unaweza kushuka. Ni nadra, lakini ni dharura ya kufa na kupona. Mke hapaswi kulazimika kuomba siku hizo. Mume ndiye alinde siku hizo. Baada ya hapo, maneno ya vijiweni kwamba mwanamke aliyetolewa kizazi "hana kitu", kwamba amekuwa mwanamume, kwamba mume atapata ugonjwa, ni uongo mtupu. Uke upo, hisia zipo, na wanawake wengi waliokuwa wakiumwa na kutokwa na damu miaka mingi huniambia wamerudiwa na raha waliyokuwa wameisahau. Aendewe taratibu tu mara za kwanza. Nawaomba makungwi na masomo waliongeze hili katika mafunzo yao, kwa sababu wao wanasikilizwa kuliko mimi.

Nilisema nitarudi kwa yule wa dharura. Ana miaka 22. Alikwenda kujifungua mtoto wa kwanza, amezinduka hana mtoto na hana kizazi. Kuna waliosaini karatasi, mume au mama mkwe, na yeye ndiye wa mwisho kujua. Maziwa yanamjaa siku ya tatu na hakuna wa kuyanyonya. Huyu ni mzazi. Amepitia uchungu wote wa uzazi na juu yake upasuaji. Kama kuna mtu mwenye haki ya arobaini ni yeye, na ndiye ambaye mara nyingi hurudishwa kwao kabla kidonda hakijakauka. Msimwambie "Mungu atakupa mwingine", kwa sababu anajua hatapata tumboni mwake. Mtajeni mtoto wake kwa jina kama alipewa. Mruhusuni alie. Akipitisha wiki kadhaa hali, halali, hataki kuoga wala kuonana na mtu, au akisema afadhali angekufa, mpelekeni kituo cha afya kama ambavyo mngempeleka akiwa na homa.

Homa nayo ni mojawapo ya mambo ya kumrudisha hospitalini yeyote aliyetolewa kizazi, siku hiyohiyo bila kungoja kliniki. Mambo hayo ni haya: nyuzi joto 38 na zaidi, kidonda kinachotoa usaha au harufu, au ngozi iliyo kando yake kuwa ya moto na kuiva rangi, ambayo kwa ngozi zetu nyeusi haionekani nyekundu, huonekana ya zambarau au nyeusi zaidi, uchafu wa ukeni unaonuka, damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, kutapika na tumbo kujaa. Na jingine ambalo wanawake huficha: mkojo kuvuja wenyewe ukeni, mchana na usiku, siku au wiki kadhaa baada ya upasuaji. Hiyo ni fistula. Hatuisikii ila kwa waliokaa na uchungu muda mrefu, lakini njia za mkojo hupita karibu sana na kizazi na zinaweza kujeruhiwa katika kukitoa. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2014, uliowaangalia wanawake karibu 6,000 wenye fistula katika nchi 11, ulikuta takriban 13 kati ya kila 100 waliipata kutokana na mkono wa mpasuaji. Inatibika. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi bila kumtoza mgonjwa.

Kuhusu kazi za ajira, sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mzazi siku 84 za likizo, na inampa mgonjwa siku hadi 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Wiki sita zinaingia humo bila shida. Aombe cheti cha daktari. Kenya, sheria ya mwaka 2007 inampa mzazi miezi mitatu, lakini kiwango cha chini kwa mgonjwa ni siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Siku 14 kwa mwanamke aliyepasuliwa tumbo! Vyama vya wafanyakazi vina la kudai hapo.

Lakini wengi wenu hamna mwajiri. Mama lishe asipopika leo, leo hajala. Ndiyo maana nawageukia nyinyi wa vikoba. Mna mfuko wa jamii, mnachanga kwa mzazi, kwa harusi na kwa msiba. Andikeni katika katiba zenu kwamba mwanachama aliyetolewa kizazi anapewa kile anachopewa aliyejifungua, na kwamba marejesho yake yanasogezwa kwa wiki sita. Asilazimike kusimama mbele ya kikao kueleza. Cheti apewe mwenyekiti, kisha mambo yaishie hapo. Na mpangiane zamu ya maji.

Wiki ya sita atarudi kliniki, na mtu amsindikize, kwa sababu wanaokwenda wawili hukumbuka zaidi. Aulize nini kilitolewa: kizazi pekee, au pamoja na shingo, na ovari ngapi. Aulize majibu ya kipimo cha nyama iliyotolewa, maana hupelekwa maabara kuangaliwa kama ina saratani, na majibu mengi hubaki kabatini bila mwenyewe kuyafuata. Aulize kama bado anahitaji kupimwa saratani ya shingo ya kizazi. Aliyeachiwa shingo bado anahitaji, na aliyetolewa kwa sababu ya saratani au dalili zake bado anafuatiliwa. Kisha aombe yaandikwe yote kwenye karatasi, kwa maandishi yanayosomeka, na aihifadhi pamoja na vyeti vya nyumbani. Miaka 20 ijayo daktari mwingine, katika mji mwingine, atamuuliza maswali hayohayo.